Bonsai: Mti wa Msituni Katika Chungu

Katika bustani ya taifa ya miti iliyoko Washington, Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao matunzo yake yanahesabiwa tangu mwaka 1625. Jamaa zake walioko milimani hufikia urefu wa mita 15 hadi 25, lakini huu huishi katika chungu. Tarehe 6 Agosti 1945 msonobari huo ulikuwa Hiroshima, katika bustani ya ukoo wa Yamaki, umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipukia. Ukuta wa bustani uliukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa uwe miongoni mwa bonsai 53 zilizopelekwa Marekani kuwa zawadi kutoka Japani, na watunzaji wake wapya hawakuijua habari ya Hiroshima mpaka mwaka 2001, wajukuu wawili wa mzee huyo walipokwenda kuutazama.

Ukuta ulifanya kazi yake siku moja tu. Siku nyingine zote, ambazo sasa zimepita laki moja na arobaini elfu, mti huo umeishi kwa sababu palikuwa na mtu aliyeukagua na kuumwagilia maji. Udongo ulio chunguni ni kidogo mno, hata jua kali la siku chache huweza kuukausha kabisa, na mizizi iliyokwisha kufa haifufuliwi na mvua ya kesho. Yafaa basi kuuliza: ni elimu gani hiyo iliyorithishwa kutoka mtunzaji mmoja hadi mwingine kwa karne nne, na sayansi ya mimea inaifafanuaje?

Si mbegu ya miti mifupi

Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni aina ya miti iliyoumbwa mifupi, kama vile ilivyo mbuzi wa kimo kifupi au migomba mifupi. Sivyo. Neno lenyewe lina maana ya kupanda katika sinia, na halitaji aina yoyote ya mti. Mbegu ikitolewa katika bonsai ya msonobari na kupandwa ardhini penye nafasi, huota msonobari wa kawaida wa kimo cha kawaida. Jeni za mti hazikubadilishwa hata kidogo. Kilichobadilishwa ni mazingira yake, na kwa hiyo umbo lake la nje. Mwalimu anayetafuta mfano wa kutenganisha yale yanayorithiwa na yale yanayoletwa na mazingira hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Ushahidi mwingine unaonekana katika matunda. Majani ya bonsai huweza kupunguzwa ukubwa kwa matunzo, lakini maua na matunda hayapungui kwa kadiri hiyo. Mtofaa ulio katika chungu, wenye kimo cha nusu mita, huzaa tofaa la ukubwa uleule wa mtofaa wa shambani wa aina yake, na tawi hulemewa. Ndiyo maana wafundi wa bonsai hupendelea aina za miti ambazo kwa asili yake zina matunda madogo.

Sanaa hii ilianzia China. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, lililochorwa mwaka 706, wamo watumishi waliobeba sinia zenye mawe na mimea midogo. Japani iliipokea, na mchoro wa hati ya kukunjwa ya mwaka 1309 unaonyesha miti midogo ndani ya vyungu. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kuharibu Tokyo, baadhi ya watunzaji walihamia Omiya, kaskazini ya mji huo, wakitafuta udongo mzuri, maji safi na nafasi. Kijiji chao cha bonsai kilianzishwa mwaka 1925 na kingali kipo. Mwaka wa mti utakaoelezwa hapa ni mwaka wa huko Omiya, penye latitudo ya digrii 36 kaskazini, ambako wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 4 za Selsiasi na wa Agosti ni karibu nyuzi 27.

Hesabu ya mizizi na majani

Mti hujilisha pande mbili. Majani hutengeneza sukari kwa nguvu za mwanga, na mizizi huvuta maji na chumvi za udongo. Kila upande huutegemea mwingine. Mizizi ikikatwa, maji hupungua na majani mapya huwa machache na madogo. Majani yakikatwa, sukari hupungua na mizizi hupunguza mwendo wake. Mtunzaji wa bonsai hukata pande zote mbili, lakini hakati ovyo, wala kwa kawaida hakati pande zote mbili kwa nguvu kwa wakati mmoja. Hungoja saa ambayo mti una akiba ya kulipia hasara hiyo.

Kukata ncha kuna athari nyingine tena. Chipukizi la juu kabisa la shina huyazuia machipukizi ya kando yaliyo chini yake yasikue. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog waliuchunguza uzuiaji huo katika mimea ya maharage makubwa. Walikata ncha, na machipukizi ya kando yakaanza kukua; walipoweka homoni ya oksini mahali pa ncha iliyokatwa, machipukizi hayo yakazuiwa kama kwamba ncha ingalipo. Kwa miaka mingi vitabu vilitoa oksini peke yake kuwa maelezo yote. Utafiti wa mbaazi za kizungu uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sukari nayo inahusika: ncha ikiondolewa, sukari iliyokuwa ikielekea huko huyafikia machipukizi ya kando na kuyaamsha, hata kabla ya upungufu wa oksini kuwafikia walio chini. Vyovyote vile, mfundi aliyekuwa akikata ncha karne tatu zilizopita alipata alichokitaka: badala ya tawi moja refu, matawi mengi mafupi.

Maji katika chungu kifupi

Kwa mtu asiyezoea, chungu cha bonsai kina kina kifupi mno, na hudhani kwamba hatari yake ni kukauka tu. Hatari ya pili ni kinyume chake, nayo huua miti mingi mikononi mwa wanaoanza.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe kabisa, kisha ishike ikiwa imelala kifudifudi. Maji yatadondoka, kisha yatakoma. Sasa isimamishe wima bila kuiminya. Maji yataanza kudondoka tena. Hakuna kilichoongezwa, kimo tu ndicho kilichobadilika. Sababu ni kwamba maji hushikwa ndani ya vitundu vidogo kwa kani ya kapilari, na chini kabisa ya sponji hubaki ukanda uliojaa maji ambao uzito wa maji yenyewe hautoshi kuuondoa. Kimo cha ukanda huo hutegemea ukubwa wa vitundu, si urefu wa sponji.

Ndivyo ilivyo katika udongo. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba udongo fulani hushika ukanda wa maji wa sentimita 3, basi katika chungu cha kina cha sentimita 30 ukanda huo ni sehemu moja ya kumi tu, na mizizi ina nafasi kubwa ya kupumua juu yake. Katika sinia la sentimita 5 ukanda uleule huchukua zaidi ya nusu. Mizizi iliyozama humo hukosa oksijeni, hushindwa kuvuta maji, na mwishowe huoza. Majani hunyauka, mwenye mti huona kiu, huongeza maji, na hivyo huumaliza. Dawa yake si kutoboa tundu kubwa zaidi wala kutandika kokoto chini. Dawa ni udongo wenye punje kubwa. Wajapani hutumia akadama, yaani punje za udongo mwekundu uliotokana na majivu ya volkano, baada ya kuuchekecha na kuondoa vumbi lote. Punje hizo zina vitundu vidogo ndani yake vya kushikia maji, na mianya mipana kati yake ya kupitishia hewa.

Kwa kuwa udongo wa namna hiyo hukauka upesi, umwagiliaji huwa ni kazi ya kila siku. Wafundi wa Japani husema kwamba kujifunza kumwagilia huchukua miaka mitatu. Msemo huo huonekana kuwa wa kujigamba mpaka mtu atambue kwamba haiwezekani kutoa kipimo. Mti uleule, katika chungu kilekile, huhitaji maji mara mbili kwa siku mwezi wa Agosti, na huenda usihitaji kwa siku kadhaa mwezi wa Januari. Kanuni ni kuugusa udongo na kumwagilia uso wake unapoanza kukauka, tena kwa wingi, hadi maji yatoke chini na kuvuta hewa mpya nyuma yake.

Mwaka wa Omiya

Mwisho wa majira ya baridi, machipukizi ya mepo, mti ambao jani lake hufanana na kiganja kilichofunguliwa, huanza kuvimba lakini hayajapasuka. Hii ndiyo saa ya kuhamisha mti. Akiba ya wanga iliyowekwa katika shina na mizizi tangu mwaka uliopita haijatumika bado, na majani ya kupoteza maji hayajatoka. Mtunzaji huung'oa mti, huchambua udongo wa zamani kwa kijiti, hukata sehemu ya mizizi, hasa ile minene inayozunguka ukingoni, na kuurudisha katika udongo mpya. Ncha mpya za mizizi huota karibu na mikato, na ndizo zenye vinyweleo vya kuvutia maji. Kwa hiyo mti unaokatwa mizizi kwa wakati wake hurudishiwa ujana kila baada ya miaka michache. Mti mchanga huhamishwa mara nyingi zaidi kuliko mzee.

Kazi hiyohiyo ikifanywa mwezi mmoja baadaye, mambo hugeuka. Akiba imekwisha kuingia katika majani laini, majani hayo hayajaanza kurudisha faida, nayo hudai maji kila saa ya jua. Mizizi ikikatwa hapo, mti hukosa maji na akiba kwa pamoja. Kisu ni kilekile, na mkono ni uleule. Kosa ni la siku tu, na huweza kupoteza kazi ya miaka arobaini.

Machipuko yanapotoka, mtunzaji wa mepo hushughulika kila siku. Kila chipukizi hufunua majani mawili yanayokabiliana, na katikati yake ncha laini ambayo ikiachwa itarefuka. Ncha hiyo huondolewa kwa vidole. Mwanzoni mwa kiangazi, majani yakishakomaa, mti wenye afya kamili huweza kukatwa majani yake yote au sehemu yake, na kuachiwa vikonyo. Mti huchipua mara ya pili majani madogo zaidi. Lakini mti uliohamishwa mwaka huohuo haufanyiwi hivyo, maana utakuwa umedaiwa mara mbili.

Katika Juni na Julai huja mvua za tsuyu, na kipindi hicho ndicho cha kukata misonobari myeusi. Wakati wa machipuko msonobari huu hutoa machipukizi marefu yaliyosimama kama mishumaa. Mtunzaji huyakata yote hadi kwenye shina lake. Mti wenye nguvu hutoa machipukizi mengine chini ya mikato, na kwa kuwa siku za joto zilizobaki ni chache, majani yake ya sindano hukoma kukua yakiwa mafupi. Ufupi huo haukuletwa na njaa, bali na kukosa muda. Ndiyo maana penye baridi ya mapema kazi hufanywa mapema, na penye joto jingi huahirishwa kidogo. Mtu anayenakili tarehe kutoka kitabu cha nchi nyingine hujidanganya.

Msonobari mweupe, wa aina ya ule wa Yamaki, hautendewi hivyo. Wenyewe huchipua mara moja tu kwa mwaka. Mtu akiukata mishumaa yote kwa kuiga alichokiona kwa msonobari mweusi, hautajibu, na matawi yatakufa. Mishumaa yake hufupishwa tu ikiwa ingali laini. Misonobari hii miwili ni ndugu wa jenasi moja, na mgeni hawezi kuitofautisha mpaka ahesabu sindano: mweusi huzibeba mbilimbili, mweupe tanotano.

Joto la Agosti huleta kazi ya maji na kivuli. Wakati wa majani kupukutika, usiku unaporefuka, klorofili huvunjwavunjwa katika majani ya mepo na nitrojeni yake hurudishwa shinani. Rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa huonekana, na nyekundu hutengenezwa upya. Watazamaji huja kwa ajili ya rangi. Mtunzaji hutazama mambo mawili mengine. La kwanza ni mbolea: huweka juu ya udongo vidonge vya mashudu ya mbegu za rapa, ambavyo huyeyuka polepole, kwa sababu mizizi ingali ikifanya kazi na akiba ya mwaka ujao hujengwa sasa. La pili ni waya. Matawi hufungwa waya wa shaba au wa alumini ili yapindwe, na tawi hushika umbo jipya kwa kuwa tabaka jipya la mbao hujengwa likiwa limepindwa. Misonobari hunenepa sana katika miezi hii, na waya uliosahauliwa huzama katika gome na kuacha kovu la miaka mingi.

Katika majira ya baridi mti hulala, lakini haukufa wala hauhitaji kuingizwa sebuleni penye moto. Machipukizi ya mepo yanahitaji majuma kadhaa ya baridi, iliyo juu kidogo ya kiwango cha kuganda, ndipo kizuizi kilichomo ndani yake kiondoke. Yasipoipata hayaamki sawasawa. Hatari iko katika mizizi. Katika ardhi mizizi hukingwa na joto la udongo ulio chini, ilhali chungu huzungukwa na hewa pande zote, na mizizi haina ustahimilivu wa baridi ulio sawa na wa shina. Tena udongo ukiganda huku upepo mkavu ukivuma, majani ya misonobari huendelea kupoteza maji yasiyoweza kurudishwa, na mti huweza kufa kwa kiu ukiwa umezungukwa na barafu. Kwa hiyo miti huwekwa chini ya paa, mahali pasipo upepo, na hukaguliwa maji hata katika Januari.

Mahali pasipo baridi

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atakuwa amekwisha kuona kwamba mepo haufai huko. Vilevile neno lenyewe la majira laweza kumpoteza: vuli ya kamusi, inayotafsiriwa kuwa wakati wa majani kupukutika Ulaya na Japani, ni wakati wa mvua fupi kwa mkulima wa pwani, ambapo miti mingi hufanya kinyume kabisa na huvaa majani mapya.

Lakini hesabu ya mizizi na majani ni ileile, ila saa yake huendeshwa na mvua badala ya baridi. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukame na kuishi kwa akiba iliyo shinani; saa yake ya kukatwa mizizi ni pale machipukizi yanapokaribia kuamka, kama ilivyo kwa mepo mwisho wa baridi. Mkuyu na jamaa zake wa ukoo wa mitini huvumilia kukatwa wakati wa joto, ukuaji unapokuwa na nguvu na hewa ina unyevu. Mkwaju, wenye vijani vidogo kwa asili yake na gome linalopasuka mapema, hutumiwa sana kwa bonsai katika nchi za joto za Asia, na mbegu zake zapatikana katika kila soko la pwani.

Jaribio la shuleni

Miche ya mkwaju yatosha kwa jaribio la mwaka mzima. Mbegu hulowekwa usiku mmoja baada ya kukwaruzwa ganda, kisha hupandwa, na miche ishirini inayolingana huchaguliwa. Mitano hupandwa ardhini. Mitano hutiwa katika makopo mapana yaliyotobolewa chini na kuachwa ikue itakavyo. Mitano katika makopo ya namna hiyohiyo hukatwa ncha kila inapotoa majani sita mapya. Mitano ya mwisho hukatwa ncha vivyo hivyo, na pia hukatwa theluthi moja ya mizizi mara moja, mvua za masika zinapoanza. Makopo yote yatumie changarawe laini iliyochekechwa pamoja na mboji kidogo, na yote yakae nje penye jua. Darasani hakuna mwanga wa kutosha, na miche itarefuka ikiwa dhaifu.

Kila baada ya wiki mbili wanafunzi wapime kimo, unene wa shina usawa wa udongo, idadi ya matawi, na urefu wa jani la tatu kutoka ncha. Kundi la nne liangaliwe hasa katika majuma matatu baada ya kukatwa mizizi, kwa kuandika ni siku ya ngapi chipukizi jipya la kwanza limeonekana. Shule yenye miche ya kutosha iongeze kundi la tano, lililokatwa mizizi katikati ya kiangazi, na ihesabu ni mingapi iliyobaki hai.